Sokoni, dukani au gengeni? Maswali ya wasomaji kuhusu manunuzi ya chakula Dodoma

Barua zilizofika safari hii zinahusu jambo moja: mtu anunue wapi chakula cha nyumbani ili asipunjwe, asile kibovu, wala asimdhulumu aliyekilima au anayekiuza. Nimezifupisha na kuzijibu kwa mfuatano, na baadhi nimezijibu kwa urefu kuliko nyingine kwa sababu uzito wake haulingani.

Nimehamishiwa Dodoma kikazi na ninaishi Ilazo. Wenzangu wanasema anayenunua chakula supamaketi anatupa fedha, kwa hiyo kila Jumamosi napanda bajaji kwenda Soko la Majengo. Je, ni kweli naokoa? (Mtumishi wa umma, Ilazo)

Ndugu yangu, jibu linategemea unarudi na nini. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba kisado cha maharage sokoni ni shilingi 9,000, na ukikipima nyumbani unapata kilo 3, wakati pakiti ya kilo 1 supamaketi ni shilingi 3,400. Sokoni kilo imekugharimu shilingi 3,000, kwa hiyo umeokoa shilingi 400 kwa kila kilo. Ikiwa bajaji ya kwenda na kurudi ni shilingi 4,000, unahitaji kubeba kilo 10 za maharage, au bidhaa nyingine zenye tofauti ya namna hiyo, ndipo safari ijilipe. Ukirudi na kisado kimoja na fungu la mchicha, umelipa zaidi ya yule unayemcheka kwa kusukuma kitoroli supamaketi.

Kwa hiyo nakushauri utenge bidhaa kavu na zile zinazooza. Mchele, maharage, karanga, unga na sukari vinunuliwe kwa wingi mara moja kwa mwezi, huko Majengo au katika Soko Kuu la Job Ndugai pale Nzuguni, na ikiwezekana mshirikiane na jirani gharama ya usafiri. Nyanya, mboga za majani na ndizi mbivu zinunuliwe karibu na nyumbani, kidogo kidogo. Joto la Dodoma halina huruma na nyanya. Niliwahi kushawishiwa na bei ya tenga zima sokoni, na nilipolifungua nyumbani nikakuta za juu ni nzuri na za chini zimekwisha kupasuka, kisha robo nyingine ikaharibika kabla ya siku ya nne. Gawanya fedha uliyotoa kwa kilo ulizokula, usiigawanye kwa kilo ulizobeba, na bei halisi utaiona.

Supamaketi nayo ina mahali pake. Maziwa yaliyosindikwa, siagi na vyakula vinavyohitaji ubaridi usiokatika ni salama zaidi kununuliwa penye majokofu yanayofanya kazi, na pale unapata risiti ambayo unaweza kurudi nayo ukidai haki yako. Soma tu tarehe ya mwisho wa matumizi, hasa kwa bidhaa zilizopunguzwa bei ghafla.

Mama mwenye genge mtaani kwetu huniuzia kwa bei iliyo juu kidogo kuliko ya sokoni, lakini hunikopesha hadi mwisho wa mwezi. Mume wangu anasema tunanyonywa. (Mama wa watoto wanne, Nkuhungu)

Hamnyonywi, mama. Mwenye genge huamka alfajiri kwenda kununua mzigo, hulipa nauli yake na ya mzigo, huzitupa zilizooza kwa hasara yake, na juu ya yote hayo anaubeba mkopo wenu bila kuandikishiana. Hiyo nyongeza ndogo ndiyo malipo ya kazi hiyo yote. Ningehoji zaidi upande wenu: je, mwisho wa mwezi ukifika mnamlipa siku ileile? Mtaji wa genge aghalabu ni wa siku moja, na deni la wiki mbili zaidi humfanya aende sokoni akiwa na nusu ya fedha, anunue kwa wachuuzi wa bei ya juu, kisha ninyi wenyewe mlalamike kwamba amepandisha. Jaribuni pia kumuuliza kama anayelipa taslimu hupunguziwa. Wengi hupunguza wakiulizwa kwa heshima.

Kisado cha muuzaji mmoja hakilingani na cha mwingine, na wengine hukibonyeza upande mmoja. Je, sheria inasemaje, na nifanyeje bila kugombana? (Mkazi wa Chang'ombe)

Vipimo nchini vinasimamiwa na Wakala wa Vipimo chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na chombo kinachotakiwa katika biashara ni kile kilichohakikiwa. Mizani iliyohakikiwa huwekewa stika inayoonyesha kwamba imekaguliwa, na uhakiki huo hurudiwa kila mwaka; kwa hiyo ukifika kwenye duka la nafaka, tazama mizani kabla ya kutazama mchele. Kisado, kopo na ndoo iliyokatwa mdomo havikukaguliwa na mtu yeyote. Ndiyo maana muuzaji mmoja huweza kutangaza bei ya chini kuliko jirani yake na bado akapata faida kubwa zaidi: kopo limebonyezwa, au chini limewekwa kipande cha mbao, au nafaka inamiminwa kwa namna inayoacha nafasi katikati.

Njia isiyo na ugomvi ni kuomba upimiwe kwa kilo. Pale ambapo kila mtu anatumia kisado, nunua kimoja, kipime kwenye mizani ya duka lolote la jirani, na ukikuta uzito unaridhisha urudi kwa muuzaji yuleyule mwezi mzima. Muuzaji mwaminifu hupenda mteja anayepima, kwa sababu ni mteja ambaye hatamwacha kwa ajili ya tofauti ya shilingi 200.

Hata hivyo kuna upande wa pili ambao wanunuzi wa mjini hatupendi kuutaja. Lumbesa, yaani gunia lililoongezewa kichwa na kushonewa wavu juu, imepigwa marufuku, na hata hivyo mkulima wa viazi au vitunguu bado hulazimishwa kujaza hivyo shambani huku akilipwa bei ya gunia moja. Mnunuzi anayefurahia gunia lililovimba kwa bei ya gunia la kawaida anafurahia jasho ambalo halikulipwa. Kama unanunua kwa jumla, dai gunia lenye uzito unaojulikana, kisha ulipe kwa kilo. Ukikasirika kwa kisado kilichobonyezwa na kushangilia lumbesa, malalamiko yako si juu ya haki, ni juu ya kuwa upande gani wa kipimo.

Karanga na mahindi ya bei nafuu kabisa yapo, ila yamechanganyika na punje zilizosinyaa. Nikichambua na kuosha, kuna tatizo? (Msomaji, Kondoa)

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na naomba ulisome jibu lake mara mbili. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilikumbwa na mlipuko wa sumukuvu uliotokana na mahindi, ambapo wagonjwa 68 waliripotiwa na takribani 20 kati yao walifariki. Sumu hiyo hutengenezwa na ukungu unaoshambulia mahindi na karanga, hasa mmea ulioteswa na ukame shambani na mazao yaliyohifadhiwa kabla ya kukauka. Kwetu kanda ya kati hali zote mbili tunazijua. Haina harufu wala ladha ya kukuonya, na haiondolewi kwa kupika, kukaanga wala kuosha. Mbali na kuua kwa haraka ikiwa nyingi, huharibu ini polepole na husababisha saratani.

Kuchambua kunasaidia sana, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu huwa katika punje chache zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au kuota ukungu. Kukoboa mahindi pia huipunguza, kwa sababu hukaa zaidi kwenye kiini na pumba, ingawa hapo unapoteza virutubisho vya dona. Lakini mzigo ambao umekusudiwa kuuzwa rahisi kwa sababu ya punje hizo hauna unafuu wowote. Ukiondoa zile mbaya kama inavyopaswa, kilo zinazobaki hukuletea bei ileile ya mahindi safi, na bado umebaki na wasiwasi.

Nunua kwa muuzaji anayekuruhusu kuingiza mkono hadi katikati ya gunia, maana juu hupambwa. Angalia kama magunia yamewekwa juu ya vichanja au yanagusa sakafu na ukuta. Ukavu unaweza kuupima mwenyewe: weka mahindi kiasi na chumvi kavu ndani ya chupa ya kioo iliyo kavu, itikise, subiri robo saa, chumvi ikigandamana na kuta za chupa, maji katika nafaka yamezidi takribani asilimia 15, wakati kiwango kinachokubalika katika Afrika Mashariki ni asilimia 13.5. Ukinunua debe kadhaa kwa pamoja, kwa mfano ukipita Kibaigwa ambako soko la nafaka ni kubwa, beba chupa hiyo, na usione aibu. Unga uliofungashwa uwe na nembo ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia pia usalama wa chakula. Karanga zilizokwisha kusagwa usinunue kwa mtu usiyemjua, kwa kuwa baada ya kusagwa huwezi tena kuziona zilivyokuwa.

Na zile punje ulizotoa? Usimuuzie mpika pombe, usimpe jirani, wala usiwape kuku, kwa sababu sumu hiyo huwadhuru wao pia. Zifukie. Soko la punje mbovu lipo kwa kuwa kila mmoja anadhani atakayezila ni mtu mwingine. Ukipenda, badilisha sehemu ya ugali wa nyumbani uwe wa mtama au uwele, ambao mara nyingi hauathiriki kwa kiasi cha mahindi, na ambao wenyeji wa Ugogo wameula na mlenda kwa vizazi vingi bila kusubiri ushauri wangu.

Mafuta ya alizeti ya barabarani ni halisi kuliko ya dukani? (Dereva, Manyoni)

Huenda ni halisi, lakini huenda pia yamekwisha chacha. Mafuta huharibiwa na mwanga, joto na hewa, na chupa inayopitisha mwanga iliyopangwa juu ya meza kando ya barabara ya Singida hupata vyote vitatu kuanzia asubuhi hadi jioni. Ukifungua na kusikia harufu inayokaribia ile ya rangi ya zamani, usinunue. Kama wataka ya mkulima kweli, nenda kwenye mashine ya kukamulia baada ya mavuno, uone alizeti ikiingia na mashudu yakitoka, ukiwa na dumu lako safi na kavu lililokuwa la chakula. Nchi yetu huagiza kiasi kikubwa cha mafuta ya kula kutoka nje huku alizeti ikilimwa Singida na Dodoma, na kwa hilo nakiri kwamba nina upendeleo: hulipa zaidi kidogo kwa ya hapa, nikiyaona yamekaa kivulini.

Bucha ipi ni ya kuaminika? (Mwanafunzi, UDOM)

Ile ambayo nyama yake ina mhuri wa mkaguzi, ina wavu au kioo cha kuzuia nzi, na ambayo anayekata nyama si yuleyule anayeshika fedha kwa mkono uleule. Ukikuta nyama rahisi mno isiyo na mhuri, hukupata bahati. Umepewa mnyama ambaye hakuna aliyemkagua.

Mtoto wa miaka kama 10 hupita ofisini kwetu saa za masomo akiuza mayai na karanga. Nikinunua namsaidia au namharibu? (Msomaji, Makole)

Sheria ya Mtoto ya 2009 inaweka umri wa chini wa kufanya kazi kuwa miaka 14, tena kazi nyepesi isiyozuia masomo. Binafsi sinunui saa za shule. Lakini kumfukuza bila neno ni ukatili. Muulize kwa upole anatoka wapi na nani alimtuma, kisha mfikishie taarifa mwenyekiti wa mtaa au afisa ustawi wa jamii. Kama mzazi ndiye anayeuza, nunua kwake moja kwa moja, na mnunue ofisi nzima kwa utaratibu, ili asiwe na sababu ya kumtuma mtoto.

Tukitoka Iringa husimama Mpunguzi kununua zabibu, na mwenzangu hubishana bei hadi muuzaji anakaribia kulia. Nikimwambia aache, hudai biashara ni maelewano. (Msomaji, Kisasa)

Maelewano huwa kati ya watu wawili wanaoweza kuondoka. Msimu ukifika, na huku kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, tunda lililoiva halisubiri. Mkulima asiye na jokofu anajua kwamba ambazo hazikuuzwa leo kesho zitakuwa zimelainika, na mwenzako anajua kwamba anajua. Aulize bei, apunguziwe kidogo kama ilivyo desturi, kisha alipe. Akiona ni ghali aondoke bila kumwonjea nusu kichala. Nanyi bebeni kikapu au boksi lenye tundu, kwa sababu zabibu zikirundikwa kwenye mfuko katika gari lenye joto zitafika Kisasa zimekuwa juisi, na hapo mtasema mkulima ndiye aliyewauzia mbovu.