Krepi (plasta ya ukuta) inayodondoka kwenye nyumba ya zamani, Bukavu

Ndugu, umeuliza kama upake sima (saruji) juu ya krepi iliyopasuka ya nyumba ya mzee pale Ibanda. Hapana, usifanye hivyo. Gonga ukuta wote kwa mpini wa nyundo: panapolia wazi kama debe tupu, bomoa mpaka tofali lionekane.

Kabla ya yote, tafuta maji yanakotokea. Hapa kwetu mvua inapiga karibu mwaka mzima, na mara nyingi kosa ni mfereji wa bati uliotoboka, au udongo uliorundikana kwenye msingi. Usiporekebisha hapo, utarudi kulipa fundi tena.

Matofali ya zamani ni laini. Sima tupu ni ngumu mno kwao. Inafunga unyevu ndani, kisha inabanduka na uso wa tofali. Changanya kwa vipimo: sima 1, chokaa 1, mchanga 6. (Fundi atakwambia chokaa ni ya kupaka rangi tu. Muache aseme.) Lowesha ukuta kwanza, paka tabaka mbili nyembamba, kila moja kama sentimita 1, uzinyunyizie maji siku kadhaa. Subiri kiangazi, Juni hadi Agosti.