Kapteni Anajibu: Akiba ya nadharia, saa za kompyuta na kanga juu ya dashibodi

SWALI: Shikamoo Kapteni. Mimi ni kijana wa miaka 24, nauza vifaa vya simu Makoroboi, Mwanza. Nimeona shule ya Ulaya inayofundisha nadharia ya urubani wa ndege kubwa kwa intaneti, masomo yote 13, na unalipa kidogo kidogo. Akiba yangu inatosha kozi hiyo tu. Je, naweza kusoma nikiwa nyumbani hadi nimalize, halafu pesa ya kuruka niitafute mbele kwa mbele?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Mimi nilisomea Soroti, Uganda, mwaka 1975, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa bado hai. Kitabu cha hali ya hewa kilikuwa kimoja, sisi tulikuwa sita, na zamu yangu ilikuwa ya usiku. Wingu la radi nililijua kwa mchoro wa chaki ambao nusu yake ilishafutwa na kiwiko cha mwalimu. Leo wewe unaliona likifura kwenye simu, unalirudisha nyuma mara kumi, na hakuna anayekununia. Kwa hiyo hutanisikia nikisema elimu ya masafa ni elimu nusu. Chuo Kikuu Huria chetu kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na waliopita humo wanafanya kazi kama wengine.

Ila mpango wako umeuanza kwa mkia.

Kwa taratibu za Ulaya, anayesoma kwa hatua hatua, kama unavyotaka wewe, anatakiwa awe na leseni ya rubani binafsi kabla hajaanza hiyo nadharia kubwa. Kozi yenyewe haipungui saa 650, na hata ukiisoma kwa masafa, sehemu moja ya kumi lazima ukae darasani, uso kwa uso na mwalimu. Hizo ni saa 65, yaani viza, nauli na pa kulala. Tangazo la malipo ya kidogo kidogo halitaji hayo kwa maandishi makubwa.

Kisha kuna kalenda, na hapa ndipo vijana wengi wanapoumia. Ukishakaa kwenye mtihani wa kwanza, una miezi 18 ya kumaliza yote 13, kila mmoja kwa asilimia 75, na kila somo lina majaribio manne tu. Ukifaulu, una miezi 36 ya kupata leseni ya urubani wa biashara na kibali cha kuruka kwa vyombo, yaani bila kutegemea kuona nje. Ikipita, nadharia imechacha kama maziwa. Namjua kijana mmoja aliyefaulu masomo yote, tena vizuri, akazunguka kwa wajomba na mabenki akitafuta pesa ya kuruka. Pesa ilipatikana. Miezi ilikuwa imekwisha.

Kama ungekuwa mwanangu, akiba hiyo ningeigawa hivi. Kwanza vipimo vya afya vya daraja la kwanza kwa daktari anayetambuliwa na mamlaka, maana macho au moyo vikikataa, ni afadhali ujue kabla hujalipia chochote. Pili, iandikie Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, utaje shule na kozi, uulize watakitambua nini na utarudia mitihani ipi. Jibu liwe la maandishi. Na ukiona shule inajitangaza kwa Uingereza na Ulaya kwa pamoja, uliza vizuri zaidi: Uingereza ilitoka kwenye mfumo wa Ulaya mwisho wa mwaka 2020, na mitihani ya upande mmoja haikupi leseni ya upande wa pili. Inayobaki, anza kuruka. Kiwango cha kimataifa cha leseni ya rubani binafsi ni saa 40, au 35 ukiwa kwenye kozi iliyoidhinishwa. Nadharia yake ni nyepesi, na hiyo isome kwa simu hapo hapo dukani wateja wakipungua.

Jambo moja zaidi, kwa sababu utakutana nalo. Wanaosoma mtandaoni wana kitu wanakiita benki ya maswali: maelfu ya maswali ya mitihani, unayajibu mpaka kidole kinajua herufi kabla jicho halijamaliza kusoma. Nilikuwa na mwanafunzi wa aina hiyo uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Maswali ya hewa nyepesi, ile ya mahali pa juu au penye joto inayoinyima ndege nguvu, alikuwa hakosi hata moja. Siku moja, saa saba mchana, tangi limejaa na mwenzake amekaa nyuma, nikamuuliza, "Tunapaa?" Akasema, "Tunapaa, Kapteni." Nikamwacha. Mshale wa mwendo ukapanda kwa uvivu kama mtu aliyeamshwa usingizini. Alama niliyokuwa nimejiwekea pembeni mwa njia ya kurukia ilipofika, nikarudisha gesi na kukanyaga breki. Tulipoegesha akageuza risiti ya mafuta, akapiga hesabu nyuma yake. Uwanja uko futi 5,500 hivi juu ya usawa wa bahari, joto nyuzi 26. Kwa injini yetu ilikuwa kama tuko zaidi ya futi 8,000. Akaitazama ile risiti. "Lakini swali hili mimi nalipataga," akasema.

Wewe una uwanja hapo hapo nyumbani, futi 3,700 na kidogo. Vitabuni joto ni nyuzi 15 usawa wa bahari, nalo hupungua nyuzi 2 kila futi 1,000, kwa hiyo Mwanza lingekuwa nyuzi 7 na nusu. Ikiwa nje ni 29, umezidi kwa nyuzi 21 na nusu. Zidisha kila nyuzi kwa futi 120, jumlisha na mwinuko wa uwanja. Utapata kama futi 6,300, ndio mwinuko ambao ndege itajiona iko. Fanya hesabu hiyo asubuhi, uifanye tena mchana, kisha mweleze mtu kwa mdomo kwa nini zimetofautiana. Mweleze hata muuza chipsi wa jirani. Akielewa yeye, umeelewa wewe.

SWALI: Kapteni, mwanangu amemaliza kidato cha nne, haondoki kwenye mchezo wa kurusha ndege wa kompyuta. Amenunua usukani na pedali, anasema ana saa 600 za kuruka, kwa hiyo shule ya urubani itampunguzia ada. Ni kweli?
Mama wa Likoni, Mombasa

JIBU: Mama, ada haitapungua, lakini usimfungie hiyo kompyuta. Kujifunza chini kabla ya kupanda ni jambo la zamani. Mmarekani Edwin Link alitengeneza kiigizo chake cha kuruka mwaka 1929 kwa mivukuto ya vinanda kutoka kiwanda cha baba yake, na watu wakakiona kitu cha kuchezea watoto. Mwaka 1934 marubani wa jeshi la Marekani walikufa wakisafirisha barua katika hali mbaya ya hewa. Ndipo jeshi likanunua viigizo sita.

Saa za nyumbani, hata hivyo, haziandikwi kwenye daftari la rubani. Huko Marekani, kwenye mashine iliyoidhinishwa na mkufunzi akiwa pembeni, wanakuhesabia saa 2 na nusu tu kati ya zile 40 za leseni binafsi. Kompyuta ya chumbani ni sifuri.

Mwanao atafika akijua redio, orodha za ukaguzi na kila kipimo cha dashibodi. Tatizo litakuwa shingo. Watoto wa kompyuta hawageuzi shingo. Wanaruka wakitazama mishale, kwa sababu nyumbani dunia yote iko kwenye kioo kimoja. Ndege nyingine inakuja kutoka kushoto, yeye anasahihisha futi 20 za mwinuko. Dawa yangu ilikuwa kanga ya mke wangu. Tukishafika mahali penye nafasi, nilikuwa naitandaza juu ya dashibodi yote. Iliandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio". Kijana husoma, hucheka, kisha hunyamaza, maana hana tena cha kutazama isipokuwa upeo wa macho. Dakika kumi za kwanza ndege hupanda na kushuka kama jahazi kwenye kusi. Baada ya nusu saa anaanza kusikia mlio wa injini ukibadilika, na ananyoosha pua bila kuuliza. Mwambie ajizoeze nyumbani kuruka vyombo vikiwa vimezimwa. Hatapenda.

SWALI: Nina miaka 41, nafanya kazi ya zamu Muscat. Nimechelewa kuwa rubani? Na nikisoma mtandaoni, nichague shule ya namna gani?
Msomaji, Oman

JIBU: Kwa leseni binafsi hakuna umri wa juu, ni afya tu. Kwa ndege za abiria zenye marubani wawili, kikomo cha kimataifa ni miaka 65. Piga mwenyewe hesabu ya miaka ya mafunzo na ya mkopo. Kuhusu shule, usihesabu wingi wa video. Waulize swali langu likikwama Ijumaa saa nne usiku nikitoka zamu, nani atanijibu, na baada ya muda gani. Kisha, kabla hujalipa, watumie swali moja Ijumaa saa nne usiku.