Siku 45 si za kupinga makadirio

Je, una siku 45 za kupinga makadirio ya kodi? Hapana, hizo siku 45 ni za rufaa, na kwa Tanzania huwezi kuruka pingamizi. Ukishapokea makadirio ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) una siku 30 kupeleka pingamizi kwa Kamishna Mkuu, ukiambatanisha sababu zako. Na hapa ndipo wengi wanakwama: lazima ulipe kiasi usichobishania au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa, isipokuwa Kamishna akupunguzie au akusamehe kwa sababu za msingi. Usipolipa, pingamizi halipokelewi hata kama hoja zako ni nzito.

Kamishna akishatoa uamuzi wa mwisho kuhusu pingamizi, ndani ya siku 30 peleka notisi ya kusudio la kukata rufaa, kisha rufaa yenyewe ndani ya siku 45 Bodi ya Rufani za Kodi. Zote zinahesabiwa tangu siku ulipopokea uamuzi, kwa hiyo usingoje notisi ijibiwe.

Ukichelewa, Bodi inaweza kuongeza muda kama ulikuwa nje ya nchi, uliugua au una sababu nyingine ya maana. "Nilikuwa bado naongea na afisa" ni utetezi dhaifu sana, tafadhali usiutegemee. Mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi ni wako, kwa hiyo risiti na vitabu vya hesabu viandae mapema. Juu ya Bodi kuna Baraza la Rufani za Kodi, halafu Mahakama ya Rufani, ambayo inasikiliza hoja za kisheria tu.

Haya yamo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Kodi na Sheria ya Rufani za Kodi. Sheria za Fedha huzirekebisha, hivyo soma toleo la sasa.