Muulize Mfamasia: Jeli haimwingii bibi

SWALI: Assalaam aleikum, Bi Mfamasia. Bibi yangu ana miaka 79 na magoti yanamtesa. Anapaka jeli ya diklofenaki, dawa ya maumivu. Mimi nikiipaka begani napata nafuu haraka, yeye anasema haimwingii. Sasa anapaka kutwa, anaongeza mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) juu yake, kisha anajikanda kwa kitambaa cha maji moto. Ngozi yake imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, nikadhani dawa ingepenya upesi. Aendelee?
Mjukuu, Wete

JIBU: Waaleikumu salaam, mwanangu. Kitambaa cha moto juu ya dawa kisitishe leo. Joto hutanua mishipa ya damu na dawa huingia mwilini kwa wingi usioweza kuukadiria. Mafuta ya makonyo nayo yana yujenoli, ambayo huwasha ngozi na kuifungulia dawa njia. Nayaheshimu, ni mali ya Pemba, ila si juu ya jeli.

Wembamba unaouona ni wa tabaka za chini. Tabaka la juu kabisa, la seli zilizokufa, ndilo linalozuia dawa, na unene wake haupungui sana uzeeni. Kinachopungua ni unyevu na mafuta yake ya asili, na damu inayopita chini yake. Kwa hiyo dawa zinazopenda maji hupenya kwa shida. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani walilinganisha vijana na wazee: kafeini, aspirini na haidrokotisoni (dawa ya uvimbe wa ngozi) zilipenya kidogo zaidi kwa wazee, lakini testosteroni na estradioli, homoni zinazopenda mafuta, zilipenya karibu sawasawa. Kila dawa ina tabia yake, wala huwezi kuikisia kwa kutazama ngozi.

Diklofenaki ya kupaka hufika kwenye damu kidogo, takriban asilimia 6 ya ile ya vidonge. Hofu yangu ni figo za bibi, maana uzeeni hufanya kazi polepole. Kama anameza vidonge vya presha, au mtu anamnunulia brufeni, ndugu ya diklofenaki, dukani, mpeleke kwa daktari na dawa zake zote mkononi. Akivimba miguu, mkojo ukipungua au akipata choo cheusi, mpeleke siku hiyo hiyo.

Akandwe asubuhi, akaushwe, ngozi ipoe, ndipo apakwe. Kwa jeli ya asilimia 1, goti moja hupewa gramu 4, mara 4 kwa siku, bila kufungwa, na pasipo na mchubuko. Ipe dawa muda wa wiki nzima. Kwa magoti haifanyi kazi siku moja.