Muulize Shangazi: Efteling na mtoto wa miaka mitatu, twende sasa au tungoje akue?

Shangazi, shikamoo.

Naishi Rotterdam na mume wangu na binti yetu mmoja, ambaye atatimiza miaka minne mwezi wa kumi. Mama mkwe anatoka Tanga na atatua hapa mwanzoni mwa mwezi wa tisa. Ni mara yake ya kwanza Ulaya, na atakaa nasi wiki sita. Nimepania tumpeleke Efteling, ile bustani kubwa ya bembea na hadithi hapa Uholanzi, acheke na mjukuu wake. Mume wangu hataki. Anasema mtoto wa miaka mitatu hatakumbuka kitu, nusu ya bembea atakatazwa kwa sababu ya kimo, kwa hiyo tungoje afike miaka sita ili hela yetu ifanye kazi. Mwenzangu kazini naye kaniambia kuna bembea yenye sanamu la kuwakejeli Waafrika, na mimi sitaki mama wa watu avuke bahari kuja kuona hayo. Isitoshe mama ana maumivu ya magoti, hali nyama isiyochinjwa kihalali, na binti yangu akiona mtu aliyevaa mavazi ya mdoli hupiga kelele mtaa mzima ukasikia. Nimsikilize mume wangu? Na tukienda, tuanzie wapi?

Mama wa Binti Mmoja, Rotterdam

*

Marahaba, mwanangu.

Mumeo yuko sahihi kwa mawili: mtoto hatakumbuka, na baadhi ya bembea atakatazwa. Hata hivyo nasema nendeni, tena mwezi huo huo wa tisa.

Tuanze na hesabu, maana naona ndipo kidonda cha baba kilipo. Mtoto ambaye hajatimiza miaka minne anaingia Efteling bure. Kwenye treni za Uholanzi pia, wa chini ya miaka minne halipiwi. Halafu kuna shule. Akishatimiza minne ataanza shule ya msingi, na tangu hapo mtakuwa mnakwenda siku zile zile ambazo Uholanzi nzima na nusu ya Ubelgiji inakwenda. Sasa hivi mnaweza kwenda Jumanne. Jumanne ya katikati ya mwezi wa tisa, likizo imekwisha katika kanda zote tatu za shule, watoto wa watu wako darasani, na wewe na wako mnatembea mkijinafasi. Mwezi wa kumi ukiingia, yote matatu yanakwenda kwa mpigo. Mwambie hivyo, kisha umwachie kikokotoo mezani.

Tiketi za wakubwa zikateni mapema mtandaoni. Ni za tarehe maalumu na bei hubadilika kufuatana na siku, Jumamosi na likizo zikiwa ndizo ghali. Mkienda kwa gari, maegesho yanalipiwa mbali. Mimi ningepanda treni hadi Tilburg, na kutoka hapo basi linakushusha karibu na lango, pale Kaatsheuvel.

Sasa nikueleze la kwangu, ujue kwamba ushauri huu nimeulipia.

Nilimpeleka kijana wangu mwaka 2011, akiwa na miaka mitatu na nusu, rika la binti yako. Mwaka mmoja nyuma walikuwa wamefungua Joris en de Draak, reli mbili za mbao zenye treni mbili zinazoshindana, na joka limekaa pembeni. Kila mtu pale Den Haag alikuwa anaisimulia. Nami nikasema haiwezekani nilipe kiingilio nisiipande. Tukapanga foleni karibu saa nzima, mtoto begani, begi la pampasi mgongoni, jua la mwezi wa saba linatuchoma. Kufika mbele, binti wa mlangoni akamsimamisha kwenye kipimo. Sentimita 110 ndiyo chini kabisa. Kijana wangu alikuwa na 98, tena nikiwa nimemvisha raba za soli nene nikidhani nina akili. Alipita chini ya kile kipimo kama kuku anavyopita chini ya uchaga. Kibao cha kimo kilikuwepo pia kule mwanzo wa foleni. Nilikipita nikiwa naangalia joka.

Akalia, nikataka kulia naye. Tukaondoka hapo hatusemezani, mpaka nikasikia sauti nene ya kiume inaita, "Papier hier!" Karatasi hapa!

Huyo ndiye Holle Bolle Gijs, mlafi wa hadithi za Kidachi ambaye kila siku hajashiba. Efteling wamemfanya kuwa pipa la taka. Wa kwanza aliwekwa mwaka 1959 na sasa wako wengi, wametawanyika bustani nzima. Ni jibaba la kichwa kikubwa, limeachama. Ukisogeza karatasi mdomoni, upepo unaivuta kutoka vidoleni mwako, fyuu, halafu anasema asante. Kijana wangu alimpa kitambaa cha karatasi cha pua. Akashtuka, akaangalia vidole vyake kama vimeibiwa, kisha akacheka kicheko ambacho sijakisikia tena. Akataka nyingine. Tukampa ganda la biskuti, risiti ya chai, ramani ya bustani. Zilipoisha akaanza kuwaomba wapita njia, na wazungu wa watu wakapekua mifuko. Tulikaa hapo zaidi ya saa moja. Jioni, kituoni Tilburg, ndipo nilipogundua kwamba Gijs alikuwa amekula na tiketi yangu ya treni ya kurudi.

Juzi nimemuuliza kama anakumbuka. Hakumbuki hata chembe. Sasa ana ndevu, na mimi ndiye niliyebaki na ile kumbukumbu. Kwa hiyo la kukumbuka lisimsumbue mumeo sana. Naye mwenyewe hakumbuki alivyobebwa mgongoni kwa kanga, ila mama yake anakumbuka, na ndiye anayekuja mwezi wa tisa.

Kwa hiyo, mnaanzia wapi? Mkiingia langoni (mtaliona, lina mapaa ya nyasi yaliyochongoka, mama atauliza kama na huku wanaezeka makuti), watu wengi watakimbilia kwenye mabembea makubwa. Waacheni. Nyinyi kateni kwenda Sprookjesbos, msitu wa hadithi. Hapo ndipo Efteling ilipozaliwa mwaka 1952, kwa michoro ya mchoraji Anton Pieck. Hakuna foleni wala kipimo, ni njia za miguu kati ya miti, na kila kona kuna kibanda chenye hadithi yake: mbwa mwitu aliyevaa nguo za bibi, viatu vyekundu vinavyocheza ngoma peke yake, punda anayetoa sarafu mkimtilia hela. Asubuhi pako kimya, unasikia ndege.

Usijisumbue kumtafsiria mama maandishi ya vibao. Mpe mjukuu mkono, aseme "Paukwa!" na mtoto aitike "Pakawa!", kisha bibi amsimulie anachokiona kwa namna yake. Yule mbwa mwitu akigeuka kuwa fisi, au zimwi akahamia Pangani, Wadachi hawatashtaki.

Kuhusu woga. Ndani ya msitu huo yuko Langnek, mtumishi wa shingo ndefu. Ameketi, ghafla shingo inarefuka mpaka kichwa kinapita matawi, kisha macho yanakuangalia. Wangu alimpenda, mtoto wa jirani yangu alijikojolea. Msimsogeze karibu kwanza. Simameni mbali, mwoneni akipanda na kushuka mara mbili, kisha mwulize mwenyewe kama anataka kusogea. Akikataa, basi. Mtu wa mavazi ya mdoli unayemhofia ni Pardoes, kikaragosi wa bustani hiyo. Mkimwona kwa mbali, geuzeni njia, na asiwepo wa kumwambia mtoto "mbona wenzako hawaogopi".

Mchana, alale. Hili nakuomba kama mama. Pale langoni wanakodisha vitoroli vya kuvuta kwa mkono. Chukueni kimoja, tandikeni kanga mbili, mtoto alale humo muda wake wa kawaida, nanyi mkae kivulini. Watu huona ni kupoteza kiingilio. Kiingilio hupotea saa tisa alasiri, mtoto ambaye hajalala anapojitupa chini mbele ya duka la midoli.

Akiamka, ndiyo saa ya Droomvlucht. Mnakaa kwenye kiti kinachoning'inia, kinapita taratibu gizani kati ya vichimbakazi na miti yenye taa. Foleni yake huwa ndefu, lakini hiyo inastahili. Halafu treni ya moshi inayozunguka bustani, na hiyo ndiyo dawa ya magoti ya mama: anakaa, anaona, hapandi ngazi ndefu. Kuna na mitumbwi ya Gondoletta inayokwenda polepole ziwani. Fata Morgana ningeiacha kwa safari hii. Ni mashua inayopita kwenye mji wa Kiarabu wa hadithi, soko na kasri la sultani, na mama angekuwa na mengi ya kusahihisha, ila kuna giza na jitu kubwa, na kwa huyo binti uliyemweleza mtalipia usiku.

Haya, sanamu. Mwenzako hakusema uongo, ila habari yake imechacha. Tangu 1988 kulikuwa na bembea ya masufuria yanayozunguka iliyoitwa Monsieur Cannibale, na katikati yake sanamu la Mwafrika mla watu, limechorwa kwa kejeli kama zilivyokuwa katuni za enzi za ukoloni. Watu walilalamika miaka mingi, wengine wakaitetea kwamba ni utani tu. Mwaka 2021 ilifungwa, na mwaka uliofuata ikarudi kwa jina la Sirocco, masufuria yamegeuka vyombo vya baharini na mwenye zamu sasa ni baharia Sindbad. Huyo mama wa Tanga hahitaji kutambulishwa. Carnaval Festival nayo, ile ya vikaragosi vya nchi za dunia, ilirekebishwa miaka hii ya karibuni. Mimi nasema walichelewa, na ningewaambia hivyo wakiniuliza. Lakini hilo sanamu mama hatalikuta.

Chakula ni jepesi kuliko unavyodhani. Mnaruhusiwa kuingia na cha kwenu, na meza za kukalia zipo. Pika usiku: vitumbua, mayai ya kuchemsha, wali wa nazi kwenye hotpot, chai ya tangawizi kwenye chupa. Ndani mnunueni chipsi kama mtoto atazitamani, na poffertjes, vile vijichapati vinono vyenye sukari ya unga; mama ataonja na kusema ni vitumbua vilivyokosa nazi na hiliki. Bebeni makoti ya mvua, hata utabiri ukisema jua. Hapa ni Uholanzi.

Na baba wa nyumba mumpe saa yake moja. Binti akilala kwenye kitoroli na mama akinywa chai, yeye aende Python, bembea ya reli, akapinduliwe kichwa chini. Ipo tangu 1981 na bado inavuta watu wazima kama sukari inavyovuta sisimizi. Akirudi amechanganyikiwa na miwani mkononi, hatasema tena habari za kungoja miaka sita.

Saa kumi na moja muwe njiani kurudi, hata kama bustani bado iko wazi. Na tiketi ya treni, mwanangu, ikae kwenye simu.

*

Shangazi, mimi niko Antwerp, nina kijana wa miaka 12 na mdogo wake wa miaka miwili. Mkubwa kaapa lazima apande Baron 1898, ile bembea ya reli ya hapo Efteling, na mimi na mama yao sote tunaitaka. Nani abaki na mdogo?

Baba wa Wawili

*

Mtabaki kwa zamu, na hamtapanga foleni mara mbili. Mkifika mlangoni mwa bembea mwambieni mfanyakazi mnataka "baby switch". Mmoja wenu anatangulia na mkubwa, akishuka mnapokezana mtoto, na wa pili anaonyeshwa njia ya kupita bila kuanza foleni upya. Mkipanga vizuri, kijana anaweza kuomba kurudia na mzazi wa pili, akikataliwa asinune.

Mpimeni nyumbani kabla ya kuondoka, bila viatu. Baron inataka sentimita 132, kwa sababu inawaning'iniza mita 30 juu, inasimama kidogo mjionee kaburi lenu, kisha inawaachia moja kwa moja mita 37 na nusu, hadi ndani ya shimo. Wa miaka 12 wengi wanafika, lakini yangu ya mwaka 2011 umeshaisoma.

Anayebaki na mdogo asimsimamishe pale wanapopiga mayowe. Amtafute Gijs aliye karibu, na awe na karatasi mfukoni.