Usinga wa mbuzi wachomoka kwenye ndoana

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi huvua kwa mshipi hapa Kilifi, zaidi kolekole na chewa wadogo. Ndugu yangu alirudi kutoka Marekani na vyambo vitatu vya nywele, vyenye kichwa cha madini ya risasi. Vilivua kweli, lakini viwili vimenasa miambani vikakatika. Nikajitengenezea vyangu kwa usinga wa mbuzi na uzi wa cherehani. Samaki wa pili tu, nywele zote zimetoka. Tena jirani ananiambia niyeyushe betri kuukuu ya gari nipate risasi. Nakosea wapi? (Msomaji, Kilifi)

JIBU: Marahaba, mwanangu. La betri kwanza: usithubutu. Waulize watu wa Owino Uhuru, hapa Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwaachia nini. Watoto wao walipatikana na sumu ya risasi kwenye damu, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Kwani moto wa nini? Chukua chubwi uliyo nayo, ile risasi ya kuzamishia mshipi, ipige nyundo mpaka iwe bapa, kata ukanda, uukunje kwenye shina la ndoana karibu na tundu. Nawa mikono kabla hujashika chakula.

Ila uzito ukae mgongoni mwa shina, upande usiotazama ncha. Hapo ndoana hujipindua majini, ncha ikaangalia juu, na mwamba hauinasi ovyo.

Sasa nywele. Hivyo vya Marekani hufungwa kwa nywele za mkia wa kulungu wa huko. Upande wa shina la unywele zina uwazi ndani, ukikaza uzi zinabonyea, zinatawanyika na kushika. Usinga wa mbuzi hauna uwazi huo. Ni mwembamba, una mafuta, na ukiufunga mwingi kwa mpigo mmoja, uzi unabana wa nje tu; wa katikati umekaa bure. Hizo ndizo zilizokutoka.

Mimi mwenyewe cha kwanza nilikifunga kinene hivi kwamba mke wangu alidhani ni brashi ya chokaa. Hakikuvua hata kibua.

Osha usinga kwa sabuni ya unga, uanike kivulini. Uchane kwa kitana mpaka zile nywele laini fupi za chini zitoke zote, maana hizo ndizo zinazoteleza. Bana ndoana kwenye jiliwa, au hata koleo uliyoifunga mpira. Zungushia shina uzi mtupu kwanza, safu nzima, utie tone la gundi ya supaglu. Kisha chukua kishungi kisichozidi unene wa njiti ya kiberiti, funga kwa mizunguko sita au saba, ukivuta mpaka uzi uanze kulia. Zungusha ndoana kidogo, funga kingine. Vinne vinatosha. Ukikitazama utasema kimepungua. Kiache hivyo hivyo. Urefu upite mpindo wa ndoana kwa kidole kimoja. Malizia kwa mafundo matano, na juu yake rangi ya kucha, mara mbili. Uzi wa cherehani wa pamba huoza baharini. Tafuta wa nailoni wa mafundi viatu.

Ukiona pakiti za manyoya zilizoandikwa marabou, usidhani zimetoka kwa wale kongoti wa majaani Nairobi. Jina limebaki, manyoya siku hizi ni ya bata mzinga. Yale malaini ya chini ya tumbo la kuku yanafanya kazi karibu ile ile.

Majini, kiache kifike chini, kistue kwa mkono, kisha ukiache kishuke tena. Mara nyingi kolekole hukichukua kinaposhuka, nywele zikijifungua, kwa hiyo usiulegeze mshipi ukalala.

Na kikikatwa na mzia, samaki yule wa meno makali, usinilaumu mimi. Huyo ni wa kutiliwa waya.