Wageni Wakilala Kwako, Kifungua Kinywa Kiandaliwe Usiku

Dada mmoja wa Makambako ameniandikia kwamba mwezi ujao atalaza ujumbe wa wakwe watarajiwa, watu wapatao kumi, wanaokuja kukamilisha mambo ya mahari ya binti yake, na kwamba wageni hao wanatakiwa kuwahi basi la Dar es Salaam asubuhi na mapema. Anauliza awape nini kabla hawajaondoka. "Isiwe chai na mkate tu, dada yangu," ameandika, "maana hawa ni watu wa kuhesabu." Nimecheka, kwa sababu watu wa kuhesabu nawafahamu vizuri. Swali lake limenikuta pazuri pia, kwani ndiyo kwanza nimewasindikiza wageni wa aina hiyo hiyo hapa Mbeya, nao wameondoka wameshiba na wamesifu, na shangazi mmoja mtu mzima, ambaye usiku alikaa kimya muda wote wa mazungumzo, alinishika mikono miwili mlangoni akaniambia kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana. Mniruhusu nijisifu kidogo. Sifa hiyo nimeisubiri kwa muda mrefu.

Jibu langu kwake ni fupi: kazi ya asubuhi ifanyike usiku. Chakula ninachomshauri ni viazi vya kuoka pamoja na nyama ya kusaga na mayai, ambavyo hupangwa katika chombo kimoja jioni, vikalala kwenye friji, kisha vikaingia kwenye oveni alfajiri mwenyeji akiwa anaoga na kuvaa. Anayekula chipsi mayai amekwisha kukijua chakula hiki kwa nusu. Tofauti yake ni kwamba chipsi mayai hutaka mpishi asimame kwenye karai na kutoa sahani moja baada ya nyingine, wakati hiki huiva kwa pamoja, hukatwa vipande, na wageni wote hula kwa wakati mmoja kikiwa cha moto.

Hilo la kula kwa wakati mmoja nalisisitiza kwa sababu linaniuma. Miaka michache baada ya kuolewa tulipokea wageni wa upande wa mume wangu, nami, kwa kutaka kuonyesha heshima, niliamka saa kumi za usiku nikaanza kukanda chapati, kukaanga mayai na kuchemsha magimbi. Ilikuwa mwezi wa Julai, na anayeijua Julai ya Mbeya anajua kwamba wakati huo hata mafuta ya kupikia huganda kwenye chupa na unga haulainiki upesi. Mgeni wa kwanza alipata chapati tatu za moto. Wa mwisho alipata moja iliyopoa. Sikukaa nao hata dakika moja. Nilisikia vicheko vya sebuleni nikiwa jikoni na macho yamejaa moshi, na walipokuwa wakiaga, wifi yangu mmoja, ambaye hakuwa amekuja jikoni hata kuuliza hali, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba nyumba hii ina chakula ila haina mwenyeji. Watu walicheka, nami nilicheka pia, kwa kuwa ndivyo ilivyotakiwa. Maneno yale sijayasahau, na sioni kwa nini niyasahau, kwani kwa namna fulani yalikuwa ya kweli ingawa aliyeyasema hakuwa na haki ya kuyasema.

Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mwenyeji ataponaje akiwa amejifungia na moto? Akina mama wa nyanda hizi tumelelewa kuamini kwamba uchovu ndio ushahidi wa ukarimu, na kwamba asiyetoka jasho hajapika. Mimi nimeacha kuamini hivyo, nanyi nawaomba muache. Mkwe hakusafiri usiku kucha ili aone sufuria zako. Amekuja akuone wewe, akusikie unavyoongea, apime kama binti aliyelelewa na mama huyu atafaa kukaa na watoto wao. Ukiwa jikoni anapima nini?

Basi tuingie kwenye mapishi yenyewe. Kwa watu kumi, tafuta chombo cha kuokea chenye upana wa sentimita 23 kwa 33 na kina kisichopungua sentimita 5. Andaa viazi mviringo kilo moja, nyama ya kusaga nusu kilo, mayai 12, maziwa nusu lita, vitunguu maji vitatu, pilipili hoho mbili, karoti mbili, nyanya tatu, na jibini kiasi ukipata. Jibini inayotengenezwa Njombe inafaa sana, na wewe wa Makambako uko jirani nayo kuliko mimi. Ukikosa jibini usihangaike; chakula hakitaharibika, kitakosa tu ule uso wa rangi ya dhahabu.

Viazi ndivyo vinavyobeba chakula chote, na kwa viazi sisi hatuna kisingizio. Mimi huvinunua barabara ya Tukuyu, pale Isyonje, kwa wale wanaopanga ndoo zao kando ya lami, na hukatalia ndoo yenye viazi vilivyoanza kuwa na rangi ya kijani, kwa sababu ukijani huo huja pamoja na uchungu na sumu. Ukiwa Makambako huna hata haja ya kutoka mjini. Vimenye, vikate vipande vyenye unene wa kidole kidogo, kisha vichemshe kwenye maji ya chumvi mpaka kisu kiingie bila kulazimishwa, lakini kipande kibaki kizima unapokiinua. Usiviweke vibichi kwenye chombo kwa kudhani kwamba oveni itamaliza kazi. Mayai hushika mapema kuliko kiazi kibichi kinavyolainika, hivyo utaishia kupakua mayai magumu kama soli yaliyofunika viazi vinavyolia kwenye meno.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi vya mapishi havilisemi, kwa kuwa vimeandikwa na watu wanaokaa karibu na bahari. Mbeya mjini tuko kwenye mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, nako Makambako hakupishani sana na hapa. Katika miinuko hii maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi na si 100, kwa sababu hewa inayoyakandamiza ni nyepesi. Maji yanaonekana yanatokota kwa fujo, kumbe hayana joto la kutosha kulainisha kiazi kwa muda ulioandikwa kwenye kitabu. Ndiyo sababu maharage yetu huchukua muda mrefu kuliko ya Dar es Salaam, na ndiyo sababu nakuambia upime kwa kisu wala usipime kwa saa. Mwinuko huo huo hukausha chakula haraka ndani ya oveni, kwa hiyo kufunika chombo ni lazima.

Viazi vikiwa vinapoa, kaanga vitunguu kwa mafuta kidogo ya alizeti mpaka viwe laini, ongeza nyama na chumvi, pilipili manga na kitunguu saumu, na uikaange mpaka maji yake yote yaishe na ianze kubadilika rangi. Kisha tia karoti uliyoikwaruza, hoho na nyanya, na uendelee kukaanga mpaka mchanganyiko ukauke. Ninaposema ukauke namaanisha kwamba ukipitisha mwiko katikati ya sufuria, njia ibaki wazi na supu isirudi kuijaza. Maji ya nyanya na ya nyama ndiyo adui wa chakula hiki. Yakibaki, yatashuka chini usiku, na asubuhi utakata kipande kizuri juu kinachoogelea chini.

Acha vitu vyote vipoe kabisa. Panga viazi chini, tandaza nyama juu yake, halafu piga mayai pamoja na maziwa na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, umimine taratibu ukikitikisa chombo ili mchanganyiko upenye katikati ya viazi. Nyunyiza jibini, funika kwa foili, weka kwenye friji. Ukimimina mayai juu ya nyama ya moto yataanza kushika hapo hapo, na chombo cha moto kikiingia kwenye friji kitavipa joto vyakula vingine vyote. Mama zetu wengi hudhani kwamba baridi ya huku inatosha na kwamba chakula kinaweza kulala juu ya meza hadi asubuhi. Haitoshi. Hata usiku wa Julai, jiko lililopikiwa jioni hubaki na joto linalozidi lile la friji, na mayai mabichi yaliyochanganywa na maziwa na nyama hayataki majaribio.

Alfajiri ukiamka, toa chombo kwanza kikae nje wakati oveni inapata joto la nyuzi 180, hasa kama ni cha kioo, kwa sababu kioo kilichotoka kwenye baridi kikiingia ghafla kwenye moto mkali hupasuka, na hapo utakuwa umewaandalia wakwe viazi na vigae. Kioke kikiwa kimefunikwa kwa muda wa dakika 40, kisha ondoa foili na ukiache dakika 20 zaidi ili uso upate rangi. Choma kisu katikati: kikitoka bila majimaji ya mayai, kimeiva. Kiache kipumzike dakika kumi kabla ya kukikata, la sivyo vipande vitabomoka. Kwa kuwa basi lao ni la mapema, oveni iwashwe saa kumi na moja kasoro, na ifikapo saa kumi na mbili na robo muwe mezani wote. Wote, nasema, pamoja na wewe.

Pembeni weka parachichi lililokatwa, matunda, na chai ya maziwa kwenye chupa kubwa. Chai nzuri tunayo wenyewe, ya Rungwe na ya Mufindi, hivyo sioni sababu ya kumpa mgeni majani yasiyo na ladha. Weka pia sahani ya ndizi au magimbi ya kuchemsha kwa ajili ya wazee, kwa sababu wapo wasioamini kwamba wamekula kama hawajaona kitu cha shambani. Yule shangazi niliyemtaja alianza na ndizi mbili, akaonja kipande cha viazi kwa adabu, kisha akasogeza sahani yake karibu na chombo na hakuzigusa ndizi tena. Wifi yangu pia alikuwepo. Aliongeza mara ya pili, hakusema kitu, nami sikumwuliza.

Dada wa Makambako ameuliza pia kuhusu jiko, kwa kuwa hana oveni, na umeme wa mtaani kwao hauaminiki. Oveni si lazima. Tumia sufuria pana yenye kitako kizito, uipake mafuta, uipange kwa utaratibu ule ule, na uiweke juu ya jiko la mkaa lenye moto mdogo sana, kisha funika kwa mfuniko wa bati na upalie makaa juu yake. Moto wa juu uzidi wa chini, kama tunavyofanya tunapooka keki za watoto, vinginevyo viazi vya chini vitaungua kabla mayai ya juu hayajashika. Funua baada ya nusu saa uangalie. Kwa watu kumi utahitaji sufuria mbili, maana iliyojaa sana haiivi katikati.

Na kama friji haina uhakika, gawanya kazi tofauti. Usiku chemsha viazi, menya na ukate vitunguu, hoho na karoti, pima chumvi na viungo, panga sahani mezani. Nyama isipikwe ikalala nje. Iache kabisa, na badala yake ongeza jibini au mayai manne zaidi. Mayai yabaki kwenye maganda yake mpaka asubuhi, kwani ndani ya ganda yako salama, na kuyapiga na kuyamimina ni kazi ya dakika tano. Maziwa yachemshwe usiku na yachemshwe tena alfajiri, yapoe kidogo kabla ya kukutana na mayai. Utaamka nusu saa mapema kuliko mwenye friji, lakini bado utaketi na wageni wako.

Vipande vikibaki, na ukipika kwa vipimo hivi huenda vikabaki viwili vitatu, vifunge kwenye foili uwape wale wa basi pamoja na parachichi zima. Waambie tu wavile kabla ya kufika Mafinga. Wasivipeleke mpaka Mikumi.